Hukumu ya Thelathini na Moja

Karatasi yenyewe ilikuwa moja tu, imechanwa kutoka daftari la shule, na kwa sababu ya hiyo karatasi moja mwalimu mzima alikuwa amelala rumande bila mshipi na bila kamba za viatu. Inspekta Perez Nanzala aliilaza mezani akaisoma mara ya tatu. Haikuwa imebadilika.

"HUKUMU YA 31. Jumapili, Mei 18, 1986. Mfalme akiwa amelala, anayemvizia hana haja ya kujaribu bahati. Kisu kikifika shingoni, mfalme anakufa papo hapo. Mlinzi wa mlangoni hahesabiwi. Imeamuliwa."

Chini kulikuwa na sahihi mbili za majina ya ajabu, Tundu na Sirandu, halafu ya tatu isiyo na uajabu wowote: Mwamuzi, S. Nderitu.

Ilikuja kwa posta Alhamisi, ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na kipande kingine kilichoandikwa kwa herufi kubwakubwa: MWALIMU NDERITU NA WENZAKE WANAPANGA. ULIZENI MFALME NI NANI.

Sasa jamani, mwaka ule swali kama hilo halikuulizwa kwa sauti. Watu walikuwa wanashikwa kwa vikaratasi vyepesi kuliko hicho. Mkubwa wa kituo cha Eldoret alipoisoma aliitazama picha ya Rais iliyoning'inia ukutani, akaitazama karatasi, akainua simu kupiga Nairobi kabla hata hajakaa. Ijumaa Nderitu akashikwa darasani, chaki mkononi. Gari la Special Branch, polisi wa siri, lingefika Jumamosi saa kumi alasiri kumchukua, na watu waliopandishwa magari ya namna hiyo, jamaa zao walikuwa bado wanazunguka maofisini wakiuliza waliko.

Leo ndiyo ilikuwa hiyo Jumamosi, na saa ya ukutani ilisema saa tatu na dakika kumi. Mkubwa alikuwa ameenda harambee huko Chepsaita, akaacha neno moja tu: tayarisha faili, usiongeze kitu. Nanzala alikuwa na miaka kumi na mmoja kazini, na kitu kilichomtia wasiwasi kuliko vyote ni faili lililokuja likiwa limeshakamilika.

"Vielelezo, Sajini," alisema.

Sajini Bethwel Rono, mtu wa Cheptiret, mwili kama mlango wa ghala na moyo mwepesi wa kuamini, alivipanga kimoja kimoja. Daftari lililokutwa ndani ya mkoba wa mwalimu, likiwa na ukurasa uliochanwa. Ramani ya mto, ngome na milima, imechorwa kwenye karatasi ya kaki. Kopo la mafuta ya Kimbo lenye vipande ishirini vya karatasi, kila kimoja na namba yake. Na barua kutoka ng'ambo, stempu yake ikiwa na kichwa cha malkia.

"Hii kopo ni ya kula kiapo, Madam," Bethwel alisema. "Wanachomoa namba kujua nani atafanya kazi. Na hii barua ndiyo maagizo."

"Na hii hukumu ya saba? 'Joka akipuliza moto, aliye nyuma ya ngao anaumia nusu.'"

"Joka ni askari wa GSU," Bethwel alijibu bila kupepesa.

Nanzala karibu acheke, lakini kicheko kilikauka njiani, kwa sababu alijua watu wa Nairobi wangesema vile vile, tena kwa maandishi. Alifunua mpaka mwisho wa daftari. Hukumu ya mwisho, ya thelathini na mbili, ilikuwa ya Jumatano iliyopita. Akasoma mwanzo wake kwa sauti. "Hukumu ya 31, hata kama imechanwa, imefutwa. Mfalme hakufa."

"Waliahirisha," Bethwel alinong'ona.

"Au walikuwa wanacheza. Niletee mwalimu."

Simeon Nderitu alikuwa mwembamba, wa miaka thelathini na kitu, anafundisha hesabu. Aliingia akishikilia suruali kwa mkono mmoja. Tangu jana, kitabu cha OB, cha matukio ya kituo, kilionyesha, alikuwa ameuliza mara tatu ni nani aliyemshtaki. Aliuliza tena kabla hajakaa.

"Mimi ndiye nauliza, Mwalimu. Mfalme ni nani?"

"Mfalme Sirandu, wa nchi ya Morongo. Hiyo nchi haiko, Madam. Ni mchezo wa mezani."

"Nieleze kama unaeleza mtoto wa darasa la tatu."

Akaeleza, na hapo akasahau suruali, maana alikuwa mwalimu kweli. Mtu mmoja ni mwamuzi, anasimulia nchi na mambo yake. Wengine kila mmoja anakuwa mtu ndani ya hiyo nchi: huyu mfalme, huyu mwizi, huyu mpiga mishale. Mtu mmoja wa aina hiyo unaweza kuwa naye miaka. Wakipigana, bahati inaamua. Kwa vile hawakuwa na dadu zinazotakiwa, wanachomoa namba kwenye kopo. Ukichomoa kubwa, pigo limeingia.

"Na hizi hukumu?"

"Mchezo tulifundishwa na Mzungu mmoja, mwalimu wa kujitolea. Alirudi kwao themanini na nne akaenda na kitabu cha sheria. Tulikuwa tumenakili kurasa kadhaa tu. Pale sheria haiko, watu wanabishana. Mmoja anasema upanga umefika, mwingine anasema haujafika, na wakibishana nusu saa mchezo umekwisha, watu wamenuniana. Kwa hiyo mwamuzi anakata shauri hapo hapo. Tunaandika, tunatia sahihi, tunaendelea. Mwenye malalamiko anakata rufaa siku ingine."

"Unaweza kuonyesha hakuna kiapo?"

"Nitaonyeshaje kitu ambacho hakiko?"

Hilo lilimgusa Nanzala. Alisukuma ile karatasi iliyochanwa mbele yake. Nderitu aliitazama. Uso wake ulilegea kama wa mtu aliyeambiwa habari ya msiba kwa simu.

"Hii ni mwandiko wako?"

"Sahihi ya chini ni yangu."

"Sijauliza sahihi."

Nanzala akampa kalamu, akamsomea maneno yale yale ayaandike. Mwandiko wa Nderitu ulikuwa wa ubaoni, wima, herufi zimeachana. Ule wa karatasi ulilala upande wa kulia, na tarakimu yake ya 3 ilikuwa na paa bapa juu. Wa hukumu ya thelathini na mbili ndio uliokuwa wake kabisa.

"Taja wenzako."

"Hapana, Madam. Nikiwataja, jioni watakuwa kwa hiyo benchi."

"Wewe jioni utakuwa mahali pabaya kuliko benchi."

"Najua," alisema. Alikuwa anaogopa na hakujaribu kuficha.

Alipopelekwa seli Nanzala alibaki akigonga meza kwa kidole. Kuna kitu kilikosekana, na kilimchukua dakika nzima kukijua. Mwalimu alikuwa ameuliza mara nne nani aliyemshtaki. Tangu aione ile karatasi, hakuuliza tena.

"Anamjua," Nanzala alisema.

"Anamjua nani?" Bethwel aliuliza.

"Tutaona. Mwalimu anashonewa wapi nguo?"

Bethwel alimwangalia kama amerukwa na akili. Nanzala akaiinua ile ramani dhidi ya mwanga wa dirisha. Kingo zilijaa vitobo vya pini, na milima ya Morongo ilikuwa imechorwa juu ya alama za chaki zilizofutwa: kwapa, bega, urefu wa mkono. Hiyo ilikuwa karatasi ya kukatia paterni. Na koti la Nderitu, chakavu vile, lilikuwa na bitana mpya.

Saa tano na nusu, baada ya kuulizauliza kwa mafundi, walikuwa Yamumbi, mbele ya duka lenye cherehani mbili, moja mbovu. Fundi aliitwa Nyakio, mama wa makamo aliyekuwa na pini mdomoni. Alipoiona Land Rover ya polisi mguu wake uliacha kukanyaga, na zile pini alizitoa moja moja, polepole.

"Mama Nyakio, sikuja kukushika. Jina lako sijaliandika mahali, na nikipata ninachotaka sitaliandika," Nanzala alisema, akivuta kigoda. "Wewe ni nani huko Morongo?"

Nyakio alitazama mlango, akamtazama Bethwel aliyeuziba mlango wote. "Mimi ni Tundu. Mwizi."

"Kwa hivyo mfalme..."

"Mimi ndiye nilimuua, Madam. Nilimuua hapa hapa, nikipiga pasi kola ya mtu." Aliisema haraka, kisha akasikia mwenyewe alivyosema, macho yakamjaa machozi. "Aki ya Mungu, ni mchezo! Nilipanda dirishani usiku wa huko kwao, mlinzi akiwa mlangoni, mfalme amelala. Mwenye mfalme akasema lazima nichomoe namba kwenye kopo, na mlinzi pia achomoe yake, pengine angesikia. Mimi nikasema mtu amelala, namba ya nini? Tukabishana mpaka pasi ikachoma ile kola. Mwalimu akakata: hakuna namba. Mfalme amekufa."

"Mwenye mfalme alisemaje?"

"Hakusema. Hiyo ndiyo mbaya. Miaka miwili alikuwa na huyo mfalme, Madam. Alimlea kutoka mchunga mbuzi mpaka kiti cha enzi. Baadaye alikata rufaa mara mbili, Mwalimu akamwambia angoje, ameandikia Mzungu kuuliza. Akaendelea kuja kila Jumapili, anakaa pale, hachezi."

"Daftari linakaa wapi?"

"Hapo kwa droo. Haina kufuli. Mwalimu alilibeba Jumatano."

Nanzala alifungua daftari magotini. "Kitu kimoja kinanisumbua. Hukumu ya tano mwandiko huu. Ya sita mwandiko ule. Sajini wangu anasema ni watu wengi."

"Ni sisi watatu tu." Nyakio alifuta macho kwa kipande cha kitambaa. "Aliyeshindwa ndiye anaandika. Mwalimu aliweka hivyo toka mwanzo. Ukiandika kwa mkono wako mwenyewe ati umeshindwa, hutarudi wiki ijayo kusema hukusikia. Hii ya tano niliandika mimi, na nilikuwa nalia."

Hapo Nanzala alitoa ile karatasi mfukoni na kuiweka juu ya cherehani. Nyakio aliisoma, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Ndiyo hii ilitumwa kwenu? Hii yenyewe?"

"Hii yenyewe."

"Woi," alisema Nyakio. "Woi, woi. Yeye mwenyewe."

"Usinitajie jina," Nanzala alisema akiinuka. "Ukinitajia nitalazimika kuandika ni nani alinitajia."

Mvua ilikuwa imeanza, ile ya Julai isiyo na haraka wala huruma. Katika kukimbilia gari karatasi ilidondokewa matone mawili, na Nanzala alipoikausha kwa kiganja aliona maneno "papo hapo" yamegeuka zambarau. Kiganja chake pia.

"Sajini, hii ni nini? Asubuhi ilikuwa nyeusi."

Bethwel aliinama. "Ah, hiyo ni penseli ya wino, Madam. Ikiguswa na maji inakuwa hivyo. Hata pale ghala la mbolea wanaandikia tikiti na hiyo, ili mtu asifute." Alivua kofia. Ndani ya utepe wa kofia, mahali ambapo Bethwel aliweka kila kitu cha thamani, mlikuwa na tikiti iliyokunjwa mara nne. "Nilichukua mbolea Juni. Magunia kumi na tatu. Sijatupa kwa sababu bado wana yangu mawili."

Nanzala aliikunjua juu ya goti, pembeni ya hukumu. Tarehe: Juni 3, 1986. Magunia 13. Mwandiko umelala kulia. Tatu zina paa bapa juu. Chini: J. Kiarie, karani.

"Huyu Kiarie ni mtu wa aina gani?"

"Johnstone? Mtaratibu sana. Ukipitwa kwa foleni anakurudisha mahali pako. Hapendi kuonewa." Taratibu, kama mtu anayehesabu kwa vidole, uso wa Bethwel ukaanza kuelewa. "Madam. Yaani jamaa ametuma mwandiko wake?"

"Alihitaji sahihi ya mwalimu, na sahihi ya mwalimu iko chini ya mwandiko wake. Hangeweza kutuma moja akaacha ingine. Akaona polisi watajuaje nani aliandika, wataangalia jina." Nanzala alikunja karatasi zote mbili. "Na ndivyo tulivyofanya, Sajini. Tuliangalia jina."

Johnstone Kiarie alikuwa amefunga ghala adhuhuri akaenda kwao, ng'ambo ya mto, na kumtafuta kulikula saa mbili nzima. Alipoketi mbele ya Nanzala ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Alikuwa mtu nadhifu wa miaka arobaini, shati limefungwa mpaka kifungo cha mwisho, kidole gumba kikiwa na doa la zambarau.

"Unamjua Mwalimu Nderitu?"

"Kwa kuona tu. Kanisani."

"Unacheza naye mchezo?"

"Mchezo gani, Madam? Mimi ni mtu mzima."

"Vizuri. Basi hayakuhusu, na nilikuwa nimekosea." Nanzala alianza kuandika polepole, akijisomea kwa sauti. "Johnstone Kiarie anakana kwamba kuna mchezo wowote. Kwa hiyo maneno ya karatasi hii si ya mchezo. Ni mpango wa kweli wa kuua." Aliinua kichwa. "Watu wa Nairobi wanakuja saa kumi kumchukua aliyeandika huu mpango."

"Si mmeshamshika?"

"Tumemshika aliyetia sahihi." Aliweka ile karatasi mezani. Kando yake akaweka tikiti ya mbolea ya Bethwel. "Aliyeandika ni wewe."

Mvua ilipiga mabati. Johnstone alitazama karatasi moja, akatazama ya pili, na jasho likamtoka juu ya mdomo kwa baridi ile yote.

"Ni mchezo," alisema.

"Sisikii."

"Ni mchezo tu, Madam! Jameni! Hakuna mfalme, hakuna kisu! Ni vikaratasi kwenye kopo!" Alikuwa amesimama, Bethwel akamkalisha kwa mkono mmoja. "Alininyang'anya. Miaka miwili, na yeye kwa neno moja, bila namba, bila kitu. Mlinzi alikuwa mlangoni! Kila mtu mwenye akili anajua mlinzi lazima apewe nafasi ya kusikia. Halafu nikaandika kwa mkono wangu kama mjinga. Nilitaka aulizwe. Mara moja tu, na yeye aketi mahali mtu mwingine anamwamulia."

"Aulizwe na Special Branch."

"Sikujua ni wao watakuja. Nilidhani mtamwita tu, mumtishe kidogo, mumwachilie."

Nanzala alikuwa amewahi kuketi na wauaji ambao hawakumkasirisha kiasi hicho. Alimsukumia karatasi safi ya statement na kalamu.

"Andika. Kwamba ni mchezo, mnavyoucheza, na kwamba ulituma hii kwa kinyongo ukijua si kweli. Ni kosa, na utashtakiwa hapa Eldoret, mbele ya hakimu, watu wako wakikuona. Usipoandika, utaenda na gari."

"Si wewe uniandikie, nitie sahihi?"

"Hapana. Aliyeshindwa ndiye anaandika. Au si ndiyo sheria yenu?"

Aliandika. Ilimchukua kurasa mbili na nusu, na tatu zake zote zilikuwa na paa bapa.

Gari la Nairobi lilifika saa kumi kasoro dakika tano, Peugeot nyeupe. Superitendenti mwenye koti la mvua alisoma ile statement akiwa wima. Akalinganisha miandiko. Akamuuliza Johnstone maswali sita, kuhusu kopo, joka na mlinzi, na Johnstone akajibu yote bila kusita, hata akasahau kuogopa na kuanza kueleza kwa nini mlinzi alistahili namba yake. Kisha mtu wa Nairobi akamgeukia Nanzala.

"Uliambiwa usiongeze kitu kwa faili, Inspekta."

"Nimepunguza, Afande. Lilikuwa na njama, sasa halina."

Alimtazama kwa muda mrefu, muda wa kutosha kumfanya mtu akumbuke ana watoto. "Jina lako nimelishika," alisema. Akaichukua ile hukumu ya thelathini na moja, akaitia mfukoni, akarudi kwenye gari peke yake.

Gari lilipotoweka langoni, Nanzala alikaa chini. Kisha akakumbuka kitu. Akaivuta ile barua ya ng'ambo na daftari, akavipeleka kwenye benchi alipokuwa Johnstone.

"Hii barua mwalimu aliipokea Jumatano. Kutoka kwa yule Mzungu. Anasema kitabu kiko wazi: mlinzi akiwa mlangoni, achomoe namba kwanza. Soma na ukurasa wa mwisho. Mkono wa mwalimu huo, maana safari hii aliyeshindwa ni yeye."

Johnstone alisoma. "Hukumu ya 31, hata kama imechanwa, imefutwa. Mfalme hakufa. Sirandu alikuwa sahihi, na mimi namwomba radhi." Hayo maneno ya mwisho, Nanzala hakuwa amemsomea mtu yeyote tangu asubuhi.

"Angenisomea lini?" Johnstone aliuliza.

"Mnakutana siku gani?"

Walikuwa wanakutana Jumapili. Kesho.

Mlango wa seli ulifunguliwa. Simeon Nderitu alikuja koridoni, akatia sahihi kwenye kitabu cha OB, akapewa mshipi wake na kamba za viatu. Aliinama kuzifunga hapo hapo, mbele ya benchi, kamba ikikosa tundu la kiatu mara mbili. Johnstone alikuwa amekumbatia daftari kifuani.

"Mwalimu," alisema. "Mwalimu, nilidhani..."

"Hata mimi nilidhani ulichana kwa hasira tu," Nderitu alisema bila kuinua kichwa. Akamaliza kiatu cha kushoto, akasimama. "Mfalme wako yuko hai, Johnstone. Wa kucheza na yeye ndio hawako."

Akainua kola ya koti lake lenye bitana mpya, akatoka kwenye mvua.